Mbwa Ambaye Hakuja Kushukuru

Nilimchukua yule mbwa kwa hasira.

Nilikuwa nafanya kazi katika ghala moja pale Smithfield, tukipakia vyombo vya jikoni kwenye maboksi. Mwenzangu kwenye mkanda wa mashine alikuwa mwanamke wa Taiwan, mfupi, mwenye sauti ya chini. Kwa miaka yote tuliyosimama pamoja tulikuwa tumeongea habari za migongo yetu kuliko jambo lingine lolote. Siku moja wakati wa chai akaja meza yangu na simu mkononi. Kwenye picha kulikuwa na mbwa jike mweusi, masikio yamesimama wima, mguu wa mbele wa kushoto haupo.

"Ametoka kwetu," akaniambia. "Sasa yuko Melbourne, karantini, anaachiwa wiki hii. Mtu aliyekubali kukaa naye hapa Sydney amelazwa hospitali. Nimeuliza kila mtu. Wewe una uani."

"Uani ninao," nikamjibu. "Mbwa sina, na simtaki."

Akanieleza kwa utaratibu. Kule milimani kwao watu hutega mitego ya chuma kwa ajili ya nguruwe mwitu, na mbwa wasio na mwenyewe hunaswa humo. Wengine hujitafuna mguu wakatoka. Kuna watu huwaokota na kuwatibu, na wachache husafirishwa nje ya nchi. Hapa Sydney kikundi chao kidogo huwapokea na kuwaweka kwa mlezi wa muda, mpaka apatikane mtu wa kukaa nao moja kwa moja. Aliomba wiki mbili tu.

Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa nikatae tena. Lakini dereva wa foklifti aliyekuwa meza ya pili alicheka, akamwambia mwenzangu kana kwamba mimi sipo, "Huyo usimpe. Waafrika hawajui kufuga mbwa."

Nikamgeukia mwenzangu. "Mlete."

Ukweli ni kwamba yule dereva hakuwa amekosea kuhusu mimi. Nimekulia Bukavu, na nyumbani kwetu mbwa alikuwa wa nje, wa kubwekea wezi na kula mabaki. Sikuwahi kumgusa mbwa kwa mkono wangu. Lakini si yeye wa kunisemea nisichokijua.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Fairfield, mimi na binti yangu, katika kijumba cha nyuma ya nyumba ya mzee mmoja Mwashuri aliyetoka Iraq. Nilipokwenda kumwomba ruhusa, mzee alikuwa anafunga matawi ya mzabibu wake. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama mbwa huyo anachimba. Nikamwambia sijui. Akasema, "Akichimba, achimbe upande wako."

Mbwa akaletwa Jumamosi asubuhi ndani ya kreti la plastiki lenye mlango wa waya. Tuliufungua mlango ule jikoni, tukarudi nyuma. Hakutoka. Tukangoja. Mwishowe mwenzangu akatuambia tutoke sote, na tuliporudi mbwa alikuwa amehamia chumba cha kufulia, nyuma ya mashine, kwenye nafasi ambayo sikudhani hata ndoo ingeingia. Alikaa huko siku baada ya siku. Chakula alikula tukiwa hatupo. Tukichungulia, aliacha kutafuna na kutukazia macho mpaka tuondoke wenyewe.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mitano. Mimi namwongelesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiingereza, na hivyo ndivyo tunavyoishi. Alikuwa anakaa sakafuni mlangoni pa chumba cha kufulia, amempa mbwa mgongo, anasoma vitabu vyake vya shule, kwa sababu mwenzangu alituagiza tusimtazame usoni.

"Mama, anatudharau," aliniambia jioni moja.

"Mwache atudharau. Nyumba yenyewe haijui."

Jina alilokuja nalo hatukuweza kulitamka sawasawa, na yeye hakuliitikia hata mwenzangu alipolitamka kwa usahihi. Tukawa tunamwita Wewe. "Wewe, toka huko." "Wewe, maji yako haya." Hakuitikia hilo pia, lakini sikio moja lilikuwa linageuka.

Siku aliyotoka mwenyewe nilikuwa napika sombe, majani ya muhogo. Nilisikia kucha zikigonga sakafu kwa mwendo wake wa kuruka, nikajilazimisha kutogeuka. Alipita nyuma yangu, akanusa ndala zangu, akaenda mlango wa uani na kusimama pale akiutazama. Nikamfungulia. Alitoka, akazunguka uzio wote, akajisaidia chini ya kamba ya nguo, akarudi nyuma ya mashine. Nilifurahi mpaka nikaunguza chungu.

Baada ya hapo tukaanza kumtembeza, na hapo ndipo nilipoanza kugombana na watu.

Kila aliyekutana nasi barabarani aliinamisha kichwa upande na kusema maskini. Maskini mbwa, mguu wake umepatwa na nini? Wengine walinyoosha mkono kumpapasa, naye akaruka kando, kisha wakanitazama mimi kama niliyemfunza ufidhuli. Wewe hakuwa maskini. Alikuwa na kifua kama cha mbuzi dume, na akiamua kukimbia, binti yangu mwenye miguu miwili mizima hamfikii. Nikaanza kuwajibu. Mtu akisema maskini, namwambia, "Hapana, yuko salama." Wachache walicheka. Wengi hawakupenda.

Kisha kuna bwana mmoja tuliyekutana naye karibu na stesheni. Alipojua mbwa ametoka nje ya nchi, uso wake ulibadilika. "Mbwa wetu wenyewe wamejaa kwenye vituo hapa, hawana makwao," akasema. "Kwa nini tulete wa nje?"

Ile sentensi niliijua. Nimeisikia mara nyingi, mahali pa mbwa pakiwa na neno lingine. Nilimuuliza kwa adabu ni wangapi wa hao wa hapa aliowachukua nyumbani kwake. Akasema yeye hana nafasi. Nikamwambia, "Basi mimi na wewe hatugombanii kitu," tukavuka barabara.

Lakini maneno yaliyonikaa yalitoka kanisani. Ibada yetu ya Kiswahili hufanyika mchana, na baada yake tunakaa tukila na kupeana habari za kwetu. Mwaka ule mapigano yalikuwa yamefika mpaka mjini Bukavu, na hakuna aliyekuwa anakula kwa raha. Mama mmoja wa kwaya, mtu mzima ninayemheshimu, alinijia mbele ya wengine akiwa na sahani yake.

"Mudogo yangu, nasikia uko nakaa na mbwa ndani ya nyumba."

"Ni kweli, mama."

"Batu banakufa na njaa kwetu, na weye uko nalisha mbwa nyama?"

Ningeweza kuinamisha kichwa na kusema nisamehe mama, na mambo yangeisha. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nitajie mtu mmoja kule atakayeshiba nikimnyima huyu mbwa. Mtaje, mama, nikamnyime leo hii."

Alinitazama, akaweka sahani chini, akaondoka. Wenzangu waliniambia nimemkosea mtu mkubwa. Labda. Lakini mdogo wangu wa kike yuko Bukavu, tumbo moja baba mmoja, na hakuna asubuhi niliyoamka bila kutafuta ujumbe wake kabla sijatafuta miwani. Sikuhitaji kukumbushwa kwetu na mtu yeyote.

Na nitasema jambo ambalo sikulisema pale mezani. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa anamuulizia mbwa. Mtandao ukipatikana alinipigia kwa video, na baada ya kuniambia nani amekimbilia wapi, alisema, "Munionyeshe yule wa miguu tatu." Binti yangu alikuwa anapeleka simu uani, na Wewe anakata uani mzima akimfukuza njiwa. "Mungu wangu! Iko nakimbia hivyo? Muonyeshe tena." Alicheka mpaka akakohoa. Miezi mingi ilikuwa imepita sijasikia kicheko chake. Kama nyama ya mbwa ilinunua kicheko kile, niliinunua kwa bei nafuu.

Wiki mbili zilikuwa zimekwisha kupita zamani. Kikundi kikapata familia ya kwanza, mke na mume waliokuwa wanakaa upande wa kaskazini wa bandari, nyumba kubwa, bustani kubwa. Walikuja na kitanda cha mbwa kipya kabisa. Walimwita kwa sauti nyororo na kumwimbia. Wewe aliingia kwenye gari lao bila kugeuka nyuma, na binti yangu akajifungia chumbani.

Mwezi haukuisha wakamrudisha. Mke ndiye aliyekuja, amesimama mlangoni pangu na kamba mkononi, macho mekundu. Nilimhurumia mpaka alipoanza kuongea.

"Tumempa kila kitu," akasema. "Hatujali kutumia pesa wala muda. Lakini yeye hatupendi. Akituona anaondoka chumbani. Baada ya yote aliyopitia, tulidhani atakuwa na shukrani."

Nilikumbuka wiki yetu ya kwanza Sydney. Watu wawili wema wa kujitolea walitupeleka duka kubwa, wakasimama kando ya rafu za mikate wakinitazama usoni. Walikuwa wanangoja nishangae. Mimi nilikuwa mwalimu Bukavu, mkate ninaujua. Lakini niliona wanavyongoja, nikachoka, nikatoa macho na kusema oh, oh, ili twende nyumbani. Nililia nilipofika, na si kwa sababu ya wingi wa mikate.

"Hakuja hapa kukushukuru," nikamwambia yule mama. "Amekuja kuishi."

Nikachukua kamba. Wewe akanipita, akaenda moja kwa moja nyuma ya mashine ya kufulia.

Kiongozi wa kikundi hakupendezwa na jinsi nilivyoongea na yule mama. Alikuwa mwanamke mchapakazi, sitaki kumsema vibaya bure. Mbwa wengi wako hai kwa sababu yake. Lakini alikuwa na mpango wake. Baada ya siku chache akaja na mwanamke kijana mwenye wafuasi wengi mtandaoni, anayeonyesha maisha ya mbwa wake kila siku. Huyo ndiye aliyemtaka Wewe. Alikuwa ameleta kitambaa cha maua cha kumfunga shingoni na taa ndogo ya kupigia picha. Hata kabla ya kukaa alikuwa ameiwasha.

Wewe alitazama ile taa, akageuka na kuingia chini ya kitanda changu. Yule kijana akapiga magoti na simu, akimrekodi gizani mle. "Ana hofu sana," alikuwa anaiambia simu. "Lakini tutamponya kwa upendo."

"Zima hiyo," nikasema.

Kiongozi akanivuta pembeni. Alinishika mkono, akashusha sauti. "Hadithi yake itasaidia mbwa wengine. Yeye ni mkimbizi, kama wewe. Wewe zaidi ya mtu yeyote ungetaka hadithi yake isikike."

Nimeitwa majina mengi katika maisha yangu na mengi nimeyameza. Hilo halikupita.

"Mimi si mbwa," nikamwambia, "na yeye si mkimbizi. Yeye ni mbwa. Mimi ni mpangaji wa nyumba hii, na wewe umesimama chumbani kwangu na viatu."

Akawa mwekundu. Akasema hakumaanisha hivyo. Nikamwambia najua, hawamaanishi kamwe. Ndipo akanikumbusha kwamba mbwa ni wa kikundi, siyo wangu, na uamuzi ni wa kikundi.

"Sawa," nikasema. "Pita umtoe chini ya kitanda."

Alimtazama mbwa. Mbwa alimtazama yeye. Hakuna aliyeinama. Mwishowe wakakusanya taa yao na kitambaa chao, na mlangoni akaniambia sitapewa mbwa mwingine tena. Nikamwambia hata huyu sikumwomba. Binti yangu, ambaye alikuwa jikoni akisikia yote, akapiga makofi. Nilimkaripia. Kisha nikachukua ufagio, nikafagia walipokanyaga.

Nilichohofia ni mwenzangu. Yeye ndiye aliyeniamini, na kikundi kilikuwa chake kabla mimi sijakisikia. Jumatatu nilisimama kwenye mkanda bila kumtazama. Tulipakia mpaka wakati wa chai. Ndipo akaniambia, bila kuinua kichwa, "Alinipigia. Nilimwambia kama anamtaka mbwa yule aje kwangu kwanza." Akafungua kopo lake la wali. "Sasa tumtafutie nyumba sisi wenyewe, mimi na wewe."

Nyumba hiyo hatukuipata kwa tangazo. Kuna barabara inayotoka magharibi mwa mji kuelekea mashambani, na kando yake bibi mmoja wa Kambodia alikuwa na meza ya mboga mbele ya shamba lake. Wakongo wengi tulimjua, kwa sababu alikuwa analima lengalenga, huo mchicha ambao madukani huupati ukiwa na majani laini. Jumamosi moja nilikwenda kununua, na kwa kuwa binti yangu alikuwa anasomea mtihani, Wewe alikuwa nyuma ya gari. Nilimshusha anyooshe miguu.

Bibi alimtazama kwa muda. Hakusema maskini. Aliuliza, "Anakamata panya?"

"Anafukuza njiwa. Panya sijui."

"Wangu alikufa mvua zilipoanza. Panya wanakula matango yangu yote." Akachukua tango bovu, akalikata, akalitupa chini karibu na Wewe bila kumtazama, akaendelea kufunga mafungu ya mboga. Wewe alilinusa, akalila. Kisha akaenda zake kando ya banda la nailoni la matango, akanusa mstari mmoja mpaka mwisho wake, akarudi na mwingine, polepole, kama mtu anayekagua kazi ya mwenzake. Mwishowe akalala ubavu kwenye udongo, miguu yote mitatu imenyooshwa. Kwangu hakuwahi kulala ubavu nje.

"Unamuuza?" bibi akauliza.

"Simuuzi. Natafuta wa kumpa."

"Kwa nini? Ana ubaya gani?"

"Hapendi kushikwa."

Bibi akainua mabega. "Mimi pia sipendi."

Mwenzangu alikwenda kumwona, akaongea na mwanawe wa kiume aliyekuwa anakaa naye, akakagua uzio na mahali pa kulala, akarudi ameridhika. Kiongozi wa kikundi alikubali kwa ujumbe mfupi usio na salamu. Aliyebaki kukubali ni binti yangu.

"Kwa nini asikae kwetu?" alinililia. "Amezoea hapa. Umempigania mwenyewe!"

"Nimempigania apate mahali pake. Wewe uko shule, mimi niko ghalani. Anakaa siku nzima akitazama uzio."

"Unamtoa kama alivyotolewa na wale."

Hilo liliniuma, na sikumficha kwamba limeniuma. Lakini sikubadilisha neno langu. Siku ya kumpeleka binti yangu alivaa viatu na kukaa kiti cha nyuma pamoja na mbwa. Tulipofika, Wewe alishuka, akaenda moja kwa moja kwenye mabanda. Bibi hakumwita. Binti yangu alimwambia bibi mambo mengi, anakula saa ngapi, haogopi nini, anaogopa nini, na bibi alisikiliza yote kwa makini. Kisha akampa binti yangu mfuko wa matango, akarudi kazini.

Tulirudi kule baada ya miezi kadhaa, kununua lengalenga. Nilikuwa bado sijazima gari Wewe aliposimama katikati ya njia, manyoya yamesimama mgongoni, akatubwekea. Sauti nzito, ya kifuani. Katika muda wote aliokaa nyumbani kwangu hakuwahi kubweka hata mara moja. Nilikuwa nimedhani hawezi. Bibi akatoka kwenye banda akimgombeza kwa Kikambodia, akiwa na haya.

"Samahani, hajawatambua," akasema.

"Anatutambua," binti yangu akamjibu. Kwa Kiingereza, lakini akanigeukia mimi na kusema kwa Kiswahili, jambo analolifanya mara chache, "Anatuambia hapa ni kwake."

Tukakaa ndani ya gari, vioo vimefungwa, mpaka Wewe alipoamua tunaweza kushuka.